Bi Nani, au Bibi wa Nani?

Karatasi za Waingereza zina desturi moja ambayo mgeni huistaajabia. Kabla mtu hajaulizwa jina lake, hutakiwa kwanza achague neno la heshima litakalotangulia jina hilo. Mwanamume hapati taabu. Neno lake ni moja tu, "Mr.", awe na mke au hana, awe kijana wa miaka ishirini au mzee aliyefiwa na wake wawili. Mwanamke huwekewa visanduku vitatu: "Mrs." kwa aliyeolewa, "Miss" kwa asiyeolewa, na "Ms." kwa yule asiyetaka kusema. Hivyo, hata kabla hajajitaja yeye ni nani, amekwisha kuulizwa kama ana mume.

Kwa mwanamke wa London hilo ni jambo la kupitisha kalamu na kuendelea. Kwa mwanamke wa Chovai ni fumbo.

Chovai ni kisiwa kimojawapo katika ule mlolongo wa visiwa vya Wabajuni unaoteremka kutoka Kismayu kuelekea mpaka wa Kenya. Kaskazini yake kipo Koyama, na kusini Chula. Wenyeji wake tangu jadi ni wavuvi na mabaharia, na lugha yao ni Kibajuni, ambacho wengine hukiita Kitikuu, lahaja ya Kiswahili iliyo ndugu na Kiamu na Kipate. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991 na vita vikaenea, Wabajuni wengi walipakia jamaa zao katika mashua na majahazi wakakimbilia Lamu, Malindi na Mombasa. Baadhi yao, katika miaka iliyofuata, walifika hata Uingereza. Huko ndiko walikokutana na visanduku vitatu.

Na ichukuliwe, kwa mfano tu, mwanamke aitwaye Amina. Baba yake ni Ali, babu yake ni Bakari, na mume wake ni Omari. Kisiwani mama huyu ni Amina Ali, au kwa ukamilifu wa zamani, Amina binti Ali bin Bakari. Alipoolewa alikuwa Amina Ali. Alipojifungua alikuwa Amina Ali. Akiachwa atabaki kuwa Amina Ali, na akifa ndilo jina atakaloombewa dua. Sasa karani amemkabidhi fomu. Akijiandika "Mrs. Omari", amejivika jina ambalo hakuna mtu wa Chovai aliyepata kumwita, na vyeti vyake vyote vya nyuma vitamkana. Akijiandika "Mrs. Ali", Mwingereza aliyelelewa katika mila yake ataelewa kwamba yeye ni mke wa bwana aitwaye Ali, yaani ameolewa na baba yake mzazi! Akijiandika "Miss Ali", ameukana unyumba wake mbele ya serikali, na kesho atakapomwombea Omari ruhusa ya kuja kuungana naye ataulizwa: huyu mume umemtoa wapi, ilhali wewe mwenyewe ulisema hujaolewa?

Wengi hudhani kwamba Waingereza wamekuwa wakiulizana habari za ndoa tangu enzi na enzi. Sivyo. "Mrs." na "Miss" yote mawili ni vifupisho vya neno moja, "mistress", lililoingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, na maana yake ilikuwa ni mwanamke mwenye mamlaka: mwenye nyumba, mwenye watumishi, mwenye duka, au mwalimu wa watoto. Mwanahistoria Amy Erickson wa Chuo Kikuu cha Cambridge, katika makala aliyoitoa mwaka 2014, ameonyesha kwamba katika karne ya 18 "Mrs." lilikuwa neno la hadhi wala si la ndoa. Mwanamke mwenye biashara yake mjini London aliandikwa hivyo, awe ana mume au hana. Msimamizi wa jumba la tajiri, aliyeshika funguo za ghala kiunoni, aliitwa "Mrs." hata kama maisha yake yote hakupata kupigiwa ngoma ya harusi. "Miss" lilikuwa la wasichana wadogo, na ndipo katikati ya karne hiyo likaanza kupewa mabibi wazima wa nyumba za kitajiri ambao hawajaolewa. Lilipokwisha kupanda hivyo, "Mrs." nalo likaanza kusukumwa upande wa ndoa, na kazi hiyo ilichukua zaidi ya miaka mia moja kukamilika.

Mwanzoni mwa karne ya 19 mambo yalikwenda mbali zaidi. Mke alianza kuitwa kwa jina lote la mumewe, la kuzaliwa pamoja na la ukoo. Katika riwaya ya Jane Austen iliyotoka mwaka 1811, "Sense and Sensibility", yumo mke wa John Dashwood, naye huitwa "Mrs. John Dashwood", ili asichanganywe na mama mkwe aliye "Mrs. Dashwood" pia. Jina lake mwenyewe limefunikwa kama chungu kilichofunikwa kwa sinia. Wala hilo halikuwa jambo la maneno matupu, maana jina na mali vilifuatana kama chanda na pete. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati huo, mke na mume walihesabiwa kuwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mume. Ujira wa mke, vyombo alivyokuja navyo, fedha alizorithi, vyote viliingia mkononi mwa bwana. Ilihitajika sheria ya mwaka 1870, kisha nyingine kubwa zaidi ya mwaka 1882, ndipo mke wa Kiingereza akaruhusiwa kushika mali yake kwa jina lake. Mke wa Chovai, ambaye mahari yake ni yake na fungu lake la mirathi ni lake, angalishangaa kusikia hayo kuhusu nchi iliyojiita mwalimu wa ustaarabu.

Na "Ms." je? Wengi huliona kuwa uzushi wa akina mama wa Marekani wa juzi juzi. Kwa hakika gazeti moja la Springfield, katika jimbo la Massachusetts, lilikwisha kulipendekeza tarehe 10 Novemba 1901, kwa sababu nyepesi kabisa: mtu akimwandikia mwanamke asiyemjua, afanyeje ili asimkosee? Pendekezo hilo halikushikwa. Mwaka 1961, mwanaharakati kijana Sheila Michaels aliliona katika anwani ya barua ya mwenzake wa chumba, akafikiri ni kosa la chapa. Alipotambua kuwa si kosa alilishikilia na kulipigania. Mwaka 1972 likawa jina la gazeti la wanawake lililoanzishwa na Gloria Steinem na wenzake, lakini gazeti kubwa la New York Times lilikataa kulitumia mpaka mwaka 1986. Wajerumani wa Magharibi waliliondoa "Fräulein" katika karatasi za serikali mwaka 1972. Wafaransa walikawia zaidi, na "Mademoiselle" likafutwa katika fomu zao za serikali mwaka 2012.

Maneno ya heshima ya Kiingereza, ukiyachimba mizizi, yana siri ambazo mama wa nyumbani atazifurahia. "Lady", ambalo leo hutajwa pamoja na majumba ya fahari na farasi, katika Kiingereza cha kale lilikuwa na maana ya mkanda mkate. Mwenzake, "lord", alikuwa mlinzi wa mkate. Mmoja anakanda, mwingine analinda kisichaliwe na wengine. Kila mwenye jiko na aamue ni nani kati ya hao wawili aliyefanya kazi. "Madam" limepitia Ufaransa likitoka Kilatini, lugha ya Warumi, na kiini chake ni "bibi yangu mwenye nyumba". Na neno la kawaida la kumtaja mwanamke, "woman", limeunganishwa na maneno mawili ya kale, "wif" na "man", yaani mtu wa kike. Hapa Mswahili hana budi kutabasamu, kwa kuwa lugha yake imefanya vile vile: mwana na mke, mwanamke. Na kama vile "wif" lilivyoachwa peke yake likageuka "wife", ndivyo na "mke" lilivyobaki likimtaja aliyeolewa. Watu wawili wasiojuana wamechonga kinu kwa namna moja.

Lakini maneno hayo ya heshima yalipokuwa yakimhusu mwanamke, hayakukaa juu kwa muda mrefu. "Mistress" lilishuka kutoka mwenye nyumba hadi hawara. "Madam" likaazimwa kumtaja mwanamke msimamizi wa danguro. Neno "housewife", mke mwenye nyumba yake, lilipofupishwa vinywani likazaa "hussy", tusi la mwanamke asiye na haya. Yale ya waume, "lord", "sir" na "master", hayakupatwa na msiba huo. Hata sisi wa pwani na bara tumelipokea neno moja baada ya kuanguka kwake: "Dame", ambalo tangu mwaka 1917 Waingereza humpa mwanamke aliyetunukiwa nishani ya juu ya dola lao, mitaani kwetu limekuwa "demu".

Sasa na tugeukie kwetu, tusije tukacheka kibanzi cha mwenzetu.

Kiswahili kina "Bi" na "Bibi", na ubora wake mkubwa ni kwamba halitaji ndoa. Bi Asha aweza kuwa mwari wa jana, mke, mjane au mtalaka. Msikiaji hajui, wala hana haki ya kujua. Tena hufuatwa na jina lake mwenyewe. Bibi Titi Mohamed, aliyetembea Tanganyika nzima akiwahimiza wanawake waingie katika TANU, hakupata kujulikana kwa jina la mume. Fatuma binti Baraka wa Unguja, aliyefariki Aprili 2013, dunia nzima ilimjua kama Bi Kidude. Kile ambacho Wamarekani walikipigania kwa "Ms." kwa zaidi ya miaka themanini, mtu wa Lamu au wa Chovai alikuwa nacho mlangoni mwake bila kukipigania. Bara, "bibi" limeelekea zaidi kuwa mama wa baba au mama wa mama, na ndiyo maana kijana wa pwani akimwita afisa wa kike wa bara "Bibi" kwa adabu yake yote, huweza kujibiwa kwa jicho kali.

Katika visiwa vya kaskazini lilikuwako neno lililo zito kuliko Bi, nalo ni "Mwana". Pate, jirani ya kusini ya visiwa vya Wabajuni, ilipata kutawaliwa katika karne ya 18 na Mwana Khadija. Na mshairi ambaye kila mwanafunzi wa Kiswahili amemsikia, aliyetunga utendi wa kumwasia binti yake mwaka 1858, ni Mwana Kupona binti Mshamu. Mumewe alikuwa Bwana Mataka wa Siu, mtu mwenye jina, aliyemsumbua Sultani Sayyid Said kwa vita. Kwa mila ya Kiingereza ya wakati ule ule angeitwa "Mrs. Mataka" na Mshamu angezikwa na kusahauliwa. Na ajabu ni kwamba utendi wenyewe humfundisha binti kumtii na kumridhisha mumewe katika kila jambo. Mwanamke huyu hakuwa mwasi hata kidogo; lakini utii wake haukumdai jina. Mabaki ya neno hilo bado yamo majumbani mwetu, wala watu hawayatambui: kila Mwanaisha, Mwanahamisi, Mwanajuma na Mwanaidi amebeba cheo cha kale kilichogandana na jina.

Je, basi, maneno yetu hayana lawama? Yanayo, na tena kubwa. "Mwana" halikuwa la kila mwanamke. Lilikuwa la waungwana. Neno la Kiingereza lilimwuliza mwanamke kama ana mume. Neno la pwani lilimwuliza kama ni huru. Mnamo mwaka 1880, kijijini Fumba katika kisiwa cha Unguja, alizaliwa mtoto wa watu wa asili ya utumwa, na jina alilopewa ni Mtumwa. Alifinyanga na kuuza vyungu, akaingia mjini, akajifunza kuimba, na sauti yake ilipomtoa aliitwa Siti, neno la Kiarabu lenye maana ya bibi mwenye hadhi. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Siti binti Saad alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Hapo neno la heshima lilifanya kazi ya kufuta neno la dharau, hata leo wengi hudhani kwamba Siti ndilo jina alilozaliwa nalo. Ni nadra sana lakabu kumtendea mtu wema kama huo.

Lawama ya pili imo katika "Mama". Nyumba kwa nyumba, mwanamke akijifungua huachiwa jina la mtoto: Mama Juma, Mama Zuhura. Ni heshima, na katika kota za askari, ambamo jamaa zimetoka mikoa mbalimbali na hawajuani ukoo, ni heshima inayorahisisha ujirani. Lakini asiyejaliwa mtoto huyasikia majina hayo asubuhi na jioni kisimani na dukani, na kila mwenzake anapoitwa yeye hukumbushwa. Anayemwita mwanamke asiyemjua "mama" huwa amemkisia jambo, kama vile Mwingereza anayesema "Mrs.".

Kuna neno moja ambalo askari wa zamani wanahusika nalo moja kwa moja. "Binti" kwa Mswahili ni neno safi. Huunganisha mwanamke na baba yake, na humwita kijana wa kike kwa upole. Askari wa Kiingereza waliowekwa Misri katika vita vikuu vya dunia walilisikia kwa Waarabu, wakalichukua mpaka kwao, na njiani likaoza. Katika Kiingereza cha mitaani "bint" ni namna ya dharau ya kumtaja mwanamke. Kwa hiyo Amina binti Ali anapoandikishwa Uingereza huwa katika hatari mbili: karani asiyejua aweza kulichukua "Binti" akaliweka mahali pa jina la ukoo, na mhuni asiyejua zaidi akalicheka.

Makambi yamekuwa na maneno yake mengine. Katika jeshi la KAR, maofisa wa Kiingereza waliwaita wake wa askari wao "bibi", ilhali wake wa maofisa waliitwa "memsahibu". Neno hili la pili lilitoka India, nalo limeungwa na "ma'am" ya Kiingereza na "sahib", ambalo asili yake ni Kiarabu. Ndilo lile lile "sahibu" ambalo Mswahili hulitumia kwa rafiki wa kweli. Lilipomfikia mpishi wa Nairobi katika siku za ukoloni, urafiki ulikuwa umekwisha kumwagika wote.

Lakini lililo zuri kuliko yote ni "afande". Asili yake ni "efendi" ya Waturuki, nao waliipata kwa Wayunani, ambao kwao ilikuwa na maana ya mwenye mamlaka. Ilishuka pamoja na askari wa Misri na Sudani walioajiriwa katika majeshi ya wakoloni wa Afrika Mashariki, na katika miaka ya mwisho ya KAR ikawa hata cheo rasmi cha Waafrika. Idi Amin alipewa cheo hicho mwaka 1959. Ukoloni ulipoondoka neno lilibaki, na lilipokutana na askari wa kike halikubadilika hata herufi. Polisi na majeshi ya Uingereza huwa na "Sir" kwa mwanamume na "Ma'am" kwa mwanamke. Kwetu ni afande kwa afande. Fatuma Gaiti Ahmed aliingia katika jeshi la Kenya mwaka 1983. Mwaka 2015 akawa mwanamke wa kwanza nchini humo kuwa Brigedia, mwaka 2018 Meja Jenerali, na mwaka 2024 akakabidhiwa Jeshi la Anga. Aliye chini yake hana haja ya kutafuta neno jipya la kumwitikia. Tanzania nayo, tarehe 19 Machi 2021, ilimpata Samia Suluhu Hassan kuwa Rais, na kwa hiyo Amiri Jeshi Mkuu, na cheo hicho hakikuhitaji kushonewa vazi la kike. Wananchi wengi humwita Mama Samia. Wapo wanaoona kwamba kumwita kiongozi wa nchi "mama" ni kumpenda, na wapo wanaoona ni kumrudisha jikoni kwa upole. Lakini gwaride linapomkabili halimtambui kwa umama.

Serikali pia zimepata kujaribu kuyalazimisha maneno. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, "Ndugu" ilienea Tanzania kwa wote, waziri na mkulima, mume na mke. Ng'ambo ya pili, baada ya mapinduzi ya Oktoba 1969, Wasomali waliambiwa waitane "Jaalle", yaani komredi, na watu wa Chovai walilisikia neno hilo pamoja na Wasomali wengine. Yote mawili hayakubagua mume na mke, na hilo ni jema. Lakini ndugu akifika nyumbani jioni aliendelea kumwita mkewe "mama watoto", na dola halina mkono unaofika huko. Wasomali wenyewe, kwa upande wao, hawakuhitaji kufundishwa habari ya jina: mwanamke wa Kisomali naye habadili jina akiolewa. Sokoni Kismayu, Mbajuni na Msomali waliotofautiana kwa lugha walielewana katika hilo. Hata mdogo wa mama, ambaye Mswahili humwita mama mdogo, Msomali humwita "habaryar", na ukilifumua neno hilo utapata mama mdogo vile vile.

Hayo yote yangekuwa mazungumzo ya barazani tu kama yasingefika mbele ya mahakimu. Uingereza, Wabajuni walioomba hifadhi walitakiwa wathibitishe kwamba ni Wabajuni kweli, na lugha ikawa shahidi. Mwaka 2004 baraza la rufaa za uhamiaji la huko lilitoa hukumu iliyopima jinsi uwezo wa kusema Kibajuni uchukuliwe katika kuamua asili ya mtu. Mwanamke aliyekuzwa kisiwani, akakaa miaka kadhaa Mombasa na watoto wake wakashika Kimvita, aliweza kujikuta akihojiwa juu ya namna anavyowaita watu na vitu vya kwao. Na nyuma ya maswali hayo lilikuwako lile la karatasi: mbona jina lako silo la mumeo, na mbona watoto uliokuja nao hawana jina lako?

Askari wa mpakani, awe Kiunga, Lunga Lunga au katika uwanja wa ndege, hukutana na jambo hilo hilo, na inafaa alijue kabla hajamweka mama kando na kuanza kumshuku kwamba ameiba watoto. Majina ya Wabajuni, kama ya Waswahili wengi na ya Wasomali, huenda kwa mtu, baba yake, na babu yake. Karatasi za Kizungu hulishika la mwisho na kuliita la ukoo. Basi kama babu ni Ali Bakari Shee, karatasini ukoo wake ni Shee. Binti yake, Amina Ali Bakari, ukoo wake ni Bakari. Mume wa Amina ni Omari Athmani, na mtoto wao ni Zuhura Omari Athmani, ukoo wake Athmani. Babu, mama na mjukuu wameshika pasi tatu zenye koo tatu, na wote wamelala jana katika nyumba moja.

Penye kisanduku cha heshima, "Ms." ndilo lililo karibu zaidi na Bi, wala sheria ya Uingereza haimlazimishi mke achague "Mrs.". Penye hali ya ndoa, ambayo ni nafasi nyingine kabisa katika fomu, ndipo anapoandika kwamba ameolewa na Omari Athmani. Na askari anayetaka kuhakikisha, swali la "wewe mke wa nani?" halitampa jibu lililo katika pasi. Akiuliza "wewe binti wa nani?", Amina atalitaja jina la Ali, na la Bakari, na akiachwa aendelee, atapanda hadi la saba.